Ukereketwa ni nini, na kwa nini hauponi

Ukila gimbi ambalo halijaiva sawasawa, koo linawasha. Ukinywa maji linawasha, ukikohoa linawasha, na wenzako waliobahatika kupata vipande vilivyoiva wanakaa pembeni wanakucheka. Hapo tunasema gimbi limekukereketa. Kitenzi hicho ndicho kilichozaa neno mkereketwa, na kila ninapomsikia mtangazaji akisema "wakereketwa wa Simba wamefurika uwanjani" nalikumbuka lile gimbi. Sijaona picha nzuri kuliko hiyo ya mtu aliyeshikwa na timu.

Tazama mwisho wa neno lenyewe. Lina ile -wa ya kutendwa. Mpenzi anapenda, shabiki anashabikia, mwanachama analipia kadi yake. Hao wote wanatenda. Mkereketwa anatendwa. Kuna kitu kimemkwama kooni, hakukiweka yeye, wala hana namna ya kukitoa. Ukereketwa, basi, ni hali ya mtu kufungamana na klabu moja maisha yake yote, kiasi kwamba matokeo ya timu yanamwingia mwilini kama habari za nyumbani kwake.

Kwenye siasa neno hili utalikuta kwenye vibao vya mashina ya wakereketwa wa CCM kando ya barabara, vimepakwa kijani na njano. Rangi hizo pia ni za Yanga, na sisi wa Simba tuna maneno yetu juu ya jambo hilo, ila leo si siku yake. Kwenye mpira neno lina ndugu wengi. Kuna mnazi, na hapa hatuzungumzii mti: mnazi wa Yanga ni yule ambaye ukimwambia timu yake imecheza ovyo anakuuliza wewe umecheza mpira wapi. Kuna lialia na kuna kindakindaki, maneno yanayofuata jina la timu kama cheo: Simba lialia, Yanga kindakindaki. Chini kabisa ya ngazi yupo shabiki maandazi. Jezi anayo, kelele anazo, lakini mwulize beki wa kushoto wa timu yake anaitwa nani.

Kadi haihusiani sana na jambo hili. Wapo waliochukua uanachama ili wagombee uongozi, na ukiwatazama siku ya mechi unaona kabisa koo haliwawashi. Na wapo wakereketwa wasio na kadi, wasiojua hata mtaa wa Msimbazi, yalipo makao ya Simba, uko upande gani wa Kariakoo. Bibi mmoja wa mtaani kwetu hajawahi kukanyaga uwanja wowote, lakini Yanga ikicheza usiku halali mpaka aletewe matokeo, na anayemletea achague maneno.

Ukitaka kumpima mtu, sikiliza viambishi vyake. Timu ikishinda, mtaa mzima unasema "tumeshinda", pamoja na maandazi wote. Timu ikifungwa ndipo watu wanapogawanyika. "Wamefungwa," atasema mmoja, "wachezaji wenyewe hawajitumi, kocha hana mbinu." Tu- imegeuka wa-, mtu ameshashuka kwenye basi. Mkereketwa habadilishi kiambishi. Atamtukana kocha, atawatukana viongozi, ataapa kwamba hakanyagi tena uwanjani, lakini ndani ya matusi hayo hayo utamsikia: tumefungwa.

Jambo hili limewahi kuchunguzwa kwa makini huko Marekani. Mwaka 1976 mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake walichapisha utafiti juu ya wanafunzi wa vyuo vikuu. Timu ya chuo ikishinda mwishoni mwa wiki, wanafunzi wengi zaidi walikuja darasani Jumatatu wamevaa nguo zenye nembo ya chuo. Na walipoulizwa kuhusu mechi, "sisi" ilisikika zaidi kwenye ushindi kuliko kwenye kipigo. Cialdini aliieleza tabia hiyo kuwa ni kuota utukufu wa mwingine, kama mtu anavyoota moto uliokokwa na jirani. Ni maelezo mazuri ya mashabiki wengi. Lakini mkereketwa ni yule ambaye moto ukizimika anabaki anaota majivu, na hapo inabidi utafute maelezo mengine.

Mimi nilishikwa Novemba 1993, nikiwa na miaka minane, Morogoro. Simba ilikuwa imefika fainali ya Kombe la CAF. Kule Abidjan ilitoka bila kufungana na Stella, na marudiano yakachezwa Dar es Salaam, Uwanja wa Taifa, Rais Mwinyi akiwa jukwaani. Nyumbani, betri za redio ya baba zilianikwa juu ya bati tangu asubuhi ili zipate nguvu kidogo. Jioni wanaume sita au saba walikaa kwenye mkeka, wawili kati yao Yanga, ambao walisema wamekuja kuiombea nchi. Boli Zozo wa Stella akafunga. Halafu akafunga tena.

Baada ya bao la pili baba hakuzima redio. Alifungua kifuniko cha nyuma, akatoa betri moja moja, akazipanga dirishani kama anayepanga glasi zilizooshwa, akaenda kukaa nyuma ya nyumba karibu na banda la kuku. Mama alimpelekea ugali, ukarudi na ngozi juu yake. Nilimfuata nikakaa naye. Hakuniambia neno, na sidhani kama alijua nipo. Wiki iliyofuata nilipoulizwa shuleni "wewe timu gani?" nilijibu Simba, na sikuwa nimewahi kujibu hivyo kabla.

Nimewauliza wengi walishikwa lini. Wachache hutaja kombe. Wengi hutaja kipigo, na mtu waliyekuwa naye siku ya kipigo: baba, mjomba, kaka aliyewabeba mabegani. Kwa hiyo mtu akikwambia amerithi timu, usidhani amerithi makombe. Amerithi uso wa mtu fulani siku fulani, na kuihama timu kungekuwa kama kumwacha yule mtu peke yake nyuma ya nyumba.

Siku hizi watu wa masoko wanapenda kumwita shabiki mteja. Mimi ni mteja wa mamalishe mmoja karibu na kazini. Siku supu yake ikichacha navuka barabara kwa mwenzake, na hakuna atakayeniita msaliti. Timu haivukiwi barabara. Na ajabu ni kwamba kila kitu kingine ndani ya klabu kinahama. Wachezaji wanahama: Emmanuel Okwi aliyetufungia mawili kati ya matano dhidi ya Yanga mwaka 2012 alikuwa amevaa jezi ya Yanga kabla mwaka 2013 haujaisha, na Clatous Chama, ambaye watu wa Simba waliwahi kumpa majina ya kifalme, alivuka kwenda Jangwani, kwa Yanga, mwaka 2024. Makocha wanahama kila masika. Hata jina linahama. Wazee wetu waliishangilia Sunderland mpaka mwaka 1971 ilipogeuka Simba, na hakuna aliyesema basi mimi nabaki na Sunderland. Ukiondoa rangi nyekundu, kinachobaki pale mwaka hadi mwaka ni yule anayelipa kiingilio.

Ndiyo maana ukame haumtishi. Nenda Kenya uwaulize watu wa AFC Leopards. Ingwe ilitwaa ubingwa wa ligi mwaka 1998, na kuanzia hapo hadi msimu wa 2024/25 haikuupata tena, huku Gor Mahia wakiuokota mara kwa mara mbele ya macho yao. Mtoto aliyezaliwa siku ya ubingwa ule sasa ana watoto, na amewavalisha jezi ya Ingwe.

Mkereketwa wa namna hiyo anaishi kwa ushahidi wa zamani. Wa Simba watakutajia Mufulira: mwaka 1979, kwenye Klabu Bingwa Afrika, Mufulira Wanderers ya Zambia ilikuja Dar es Salaam ikatupiga 4-0, watu wakazika timu, Simba ikaenda Lusaka ikashinda 5-0. Hivyo tukiwa nyuma mabao matatu dakika ya 80, daima kuna mzee atakayesema "hata Mufulira." Mara nyingi huwa si Mufulira. Lakini Oktoba 2013 Yanga walikuwa mbele 3-0 wakati wa mapumziko, baadhi ya watu wetu wakaondoka uwanjani wawahi daladala, na mechi ikaisha 3-3. Namjua mmoja wa walioondoka. Alisikia kelele akiwa ameshafika Tandika, na mpaka leo ukimuuliza ilikuwaje anasimulia kama aliyekuwepo, tunamwachia tu.

Mwili nao unashiriki. Wakati wa Kombe la Dunia 2006, madaktari wa Munich walihesabu wagonjwa wa dharura za moyo na kukuta kwamba siku ambazo Ujerumani inacheza walikuwa zaidi ya mara mbili ya siku za kawaida. Wenye presha wanaelewa. Kwetu wapo wanaozunguka nyumba dakika zote 90 bila kutazama, wakisikiliza tu sauti za majirani, na kutoka kwenye sauti hizo wanajua nani amefunga.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo naona maelezo ya wataalamu huwa yanalipita. Tunazungumza kana kwamba ukereketwa unakaa ndani ya moyo wa mtu mmoja, yeye na timu yake. Kwa uzoefu wangu nusu yake inakaa kwa jirani.

Yanga ilianzishwa 1935. Mwaka uliofuata kundi likajitenga, na hao waliojitenga ndio sisi. Kwa hiyo tangu mwanzo hawa si maadui waliotoka mbali, ni watu wa nyumba moja waliogombana. Na tazama jina walilopewa: watani wa jadi. Utani, kwa asiyejua, ni uhusiano wenye sheria zake. Mchaga na Mpare ni watani. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Mtani anaweza kukudhihaki mbele za watu usikasirike, anaweza kulala mbele ya jeneza la baba yako akidai deni lake, na huyo huyo ndiye atakayechimba kaburi na kuteka maji. Huwezi kujiuzulu utani. Hukuuomba, na hakuna ofisi ya kupeleka barua. Wakenya nao, bila kushauriana nasi, wameita mechi ya Gor na Leopards Debi ya Mashemeji, kwa sababu Wajaluo na Waluhya wameoana mno. Utani na ushemeji: pande zote mbili za mpaka, watu walipotafuta neno la upinzani wa mpira walikwenda kulichukua kwenye undugu.

Maana yake kwa mkereketwa ni hii: siku utakayotaka kuacha, hutaachwa. Nasema hivi kwa sababu nilijaribu. Baada ya ubingwa wa 2011/12 Simba ilikaa misimu mitano bila kuuona, Yanga wakichukua minne na Azam mmoja. Mwaka 2016 nikatangaza kazini na nyumbani kwamba nimestaafu mpira, nitafuga kuku. Wiki haikuisha. Yanga wakashinda mechi, simu ikaita. Ikaita tena. Kinyozi akaendelea kuniita Mnyama, lile jina la utani la Simba, huku ameshika wembe. Mke wangu, ambaye ni Yanga wa kurithi kwa mama yake, alikuja sebuleni na leso ya njano akajifuta jasho ambalo halikuwepo. Nikajikuta najibu. Nikitafuta hoja, nikitafuta takwimu, nikitafuta Mufulira. Kustaafu kwangu kukafa pale, na kuku nao hawakudumu.

Mtani ndiye anayekutunzia ukereketwa hata unapouchoka. Anajua matokeo yenu kuliko wewe. Anakumbuka 1 Juni 1968, Yanga 5-0. Ukimjibu unamjibu kwa 19 Julai 1977, Simba 6-0, Abdallah Kibadeni akifunga matatu peke yake. Vijana waliozaliwa miaka thelathini baada ya mechi hiyo wanaitaja tarehe kama waliokuwepo, kwa sababu mabao haya yanarithiwa kama deni la ukoo. Tuliwapiga 5-0 tarehe 6 Mei 2012. Wakalipa 5-1 tarehe 5 Novemba 2023, na kwa majuma kadhaa Dar es Salaam nzima ilisalimiana kwa vidole vitano. Sisi tukawa tunajibu kwa vidole sita, jambo ambalo linahitaji mikono miwili na huku umeshika mfuko wa sokoni si rahisi.

Hata ukereketwa wa timu za Ulaya unafuata njia hiyo. Watu hushangaa: mtu wa Mbagala au Kisumu anaumwa vipi kwa ajili ya Arsenal, ambayo haijui kama yeye yupo? Kati ya 2004 na 2024 Arsenal ilikaa miaka ishirini bila ubingwa wa ligi, na kwenye vibanda umiza vya huku, yale mabanda ya kutazamia mpira, mashabiki wake hawakupungua. Ni kwamba Arsenal yenyewe iko London, lakini yule wa Manchester United anayesubiri Arsenal ifungwe amekaa benchi la nyuma yako, na kesho mtapanda daladala moja.

Kuna gharama, na sipendi kuzipamba. Wapo wanaomaliza kodi ya nyumba kwenye kubeti kwa sababu hawawezi kuamini kwamba timu yao itafungwa. Wapo wanaopigana. Ndoa zimeingia baridi kwa mechi ya kirafiki. Mtu anayempiga mwenzake kwa ajili ya jezi, kwangu, ametoka kwenye utani na kuingia kwenye kitu kingine, na asijifiche nyuma ya neno ukereketwa. Mtani hapigwi.

Yanga nao wanajua kuota majivu, lazima niseme. Juni 2023 walikwenda Algiers kwenye marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho wakiwa wamefungwa 2-1 nyumbani na USM Alger. Wakashinda 1-0 ugenini. Jumla 2-2, kombe likabaki Algeria kwa kanuni ya bao la ugenini. Nilicheka, ndiyo, ni wajibu wangu. Lakini yule bibi wa mtaani nilimkuta barazani asubuhi amejifunga kanga yake ya kijani, anachambua mchele, nikampa pole ya kweli. Miaka miwili baadaye ikawa zamu yetu, fainali ya kombe lile lile, 2-0 kwa RS Berkane kule Morocco na 1-1 Zanzibar, na alinirudishia pole yangu kama ilivyo, na kicheko juu.

Mtani wangu hasa ni mzee wa nyumba ya tatu kutoka kwangu, Yanga tangu enzi za Kitwana Manara. Kila Simba ikifungwa, simu yake ndiyo ya kwanza, hata mwamuzi hajaweka filimbi mfukoni. Ile jioni ya 5-1 simu yangu iliita usiku kucha, kila mtu, hadi fundi wa friji. Yeye hakupiga. Saa nne usiku nikaanza kuangalia kama namba yake ipo hewani. Nililala vibaya. Mtu wa umri ule, na ushindi mkubwa vile, moyo unaweza kufanya lolote.

Asubuhi Jumatatu, kabla ya kwenda kazini, nikapita kwake. Mlango ulikuwa wazi, baraza limefagiwa, viti viwili vimewekwa. Alikuwa amekaa kimoja, amevaa barakashia yake na shati jeupe la Ijumaa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nilijua utakuja. Kaa."

Juu ya stuli kati ya viti alikuwa ameweka sinia, na kwenye sinia machungwa matano makubwa ya Muheza yamepangwa mstari. Pembeni, peke yake, ndimu moja.

"Karibu," akasema, "usile kwa aibu, hapa ni kwenu."

Nikamenya moja. Alinisubiri nilimalize, akanisogezea la pili. Nilikula matatu, nikamshukuru, nikaaga. Ndimu niliiweka mfukoni nikaondoka nayo.